Janani Luwum, Mchungaji Aliyekataa Kukimbia

Kila tarehe 9 Oktoba tunakutana, tunaimba wimbo wa taifa, tunakula chakula cha nyumbani, na watoto wetu wanaitazama bendera ya nyeusi, njano na nyekundu ambayo wengi wao hawajawahi kuiona ikipepea Kampala. Ni siku ya furaha. Lakini pia ni siku ya kuwakumbuka waliotutangulia, kwa sababu uhuru tuliopewa mwaka 1962 ulipita katika moto, na wapo waliouawa ili sisi tuweze kusema hadharani kwamba Uganda ni yetu sote.

Mwaka huu tumechagua kuwasimulia watoto wetu maisha ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye ni mfano wa mtu aliyemtegemea Mungu wakati wa mateso, na wengi wetu tulio mbali na nyumbani tunahitaji mfano kama huo. Ya pili inatuhusu sisi wa Saudi Arabia hasa. Mtawala ambaye Luwum aliuawa chini ya utawala wake, Idi Amin Dada, aliishi uhamishoni katika mji huu wa Jeddah, akafia hapa, na amezikwa hapa katika makaburi ya Ruwais. Watoto wetu wanapita karibu na mahali hapo wakienda shule. Wanasikia jina lake mitaani, kwenye filamu na kwenye simu. Wanatuuliza. Basi ni haki yao wasikie kutoka kwetu, tena wasikie habari za wote wawili.

Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha: Waacholi na Walango, Wakakwa na Wanubi, Wabaganda na Wanyankole, pamoja na majirani zetu wa Kenya na Tanzania ambao husoma jarida hili kila mwaka.

MTOTO WA MUCWINI

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Mucwini, wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Sudan. Baba yake, Eliya Okello, alikuwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo katika eneo lile na alifundisha dini. Mama yake aliitwa Aireni Aciro. Walikuwa watu wasio na mali. Janani alichunga mbuzi na ng'ombe wa nyumbani, na kwa kuwa karo ilikuwa ngumu, hakuingia darasani mpaka alipofika umri wa miaka kumi hivi.

Watoto wetu wanaopelekwa shule kwa basi lenye kiyoyozi wafikirie jambo hilo. Mtoto wa miaka kumi anakaa darasani na wadogo zake, anaanza herufi za kwanza, na hachoki. Alisoma kwa bidii akaendelea hadi Gulu, kisha akaingia chuo cha ualimu cha Boroboro karibu na Lira. Alipomaliza alifundisha shule ya msingi ya Puranga. Alimwoa Mary Lawinyo, wakaanza familia. Kwa kijana wa Kiacholi wa miaka ile ya 1940, ualimu ulikuwa cheo cha heshima na mshahara wa uhakika. Angeweza kuridhika hapo.

Wakati huo uamsho wa kiroho ulikuwa unaenea Afrika Mashariki. Ulianzia Rwanda na kusini mwa Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea hadi Kenya na Tanganyika. Waliouingia waliitwa walokole, yaani watu waliookoka. Waliungama dhambi zao mbele za watu, walirudisha mali walizoiba, waliomba msamaha kwa waliowakosea, na walikataa kunyamaza walipoona uovu, hata ndani ya kanisa lao wenyewe. Tarehe 6 Januari 1948 Janani Luwum aliokoka akiwa kwao Acholi. Kuanzia siku hiyo aliacha ulevi na akaanza kuhubiri bila haya, na watu wa kijijini walimwona kama mtu aliyepata wazimu. Yeye hakujali.

Mwaka uliofuata aliacha ualimu, akaenda kusoma theolojia katika chuo cha Buwalasi, karibu na Mbale. Wenzake na jamaa waliona anapoteza maisha, kwa sababu mshahara wa mhudumu wa kanisa haukufikia hata ule wa mwalimu. Alikubali kushuka. Katikati ya miaka ya 1950 alipewa ukasisi.

KUTOKA BAISKELI HADI NAMIREMBE

Kanisa lilimpeleka Uingereza kusoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury, mwaka 1958. Aliporudi alipewa usharika wa Lira Palwo, usharika mpana wenye makanisa madogo zaidi ya ishirini yaliyotawanyika porini, naye akawa anayafikia kwa baiskeli. Tunalitaja hili kwa makusudi. Baadhi ya vijana wetu wakishasoma nje huona aibu kurudi kijijini. Luwum alitoka Canterbury akapanda baiskeli.

Baadaye alikuwa mwalimu, kisha mkuu wa chuo kilekile cha Buwalasi, akiwa amesoma kwa mara ya pili Uingereza, safari hii London. Mwaka 1966 aliitwa Kampala kuwa katibu wa jimbo la Kanisa la Uganda. Tarehe 25 Januari 1969 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Uganda Kaskazini. Ibada ilifanyika Gulu katika uwanja wa Pece kwa kuwa kanisa lisingetosha umati uliokuja. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwa Rais Milton Obote na mkuu wa majeshi, Idi Amin. Siku hiyo hakuna aliyejua kwamba miaka miwili kamili baadaye, tarehe ileile ya 25 Januari, mwaka 1971, mkuu wa majeshi angempindua rais.

Mwanzoni watu wengi wa Kampala walishangilia mapinduzi hayo. Furaha ilikuwa fupi. Kabla mwaka huo haujaisha, askari wa Kiacholi na Kilango walikuwa wameuawa kwa mamia katika kambi zao. Mwaka 1972 watu wenye asili ya Asia walipewa siku 90 kuondoka nchini, maduka yao yakagawiwa kama nyara. Mwezi Septemba mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, ambaye aliwahi kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikamatwa katika Mahakama Kuu mchana kweupe, na hakuonekana tena akiwa hai. Watu walianza kuingizwa ndani ya buti za magari. Familia zilibaki zikitafuta maiti msituni na mitoni. Wanaokadiria idadi ya waliouawa katika miaka minane ya utawala ule hutaja kati ya watu 100,000 na 500,000.

Katika hali hiyo, mwaka 1974, Luwum alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Alikuwa Mwafrika wa pili kushika kiti hicho, baada ya Erica Sabiti. Alihamia Namirembe, kilima kinachoutazama mji wa Kampala, na hapo ndipo mtihani wake mkubwa ulipoanza.

MLANGO ALIOUBISHA

Luwum hakuanza kwa ugomvi na serikali. Alihudhuria shughuli za taifa, alisalimiana na watawala, alikula nao. Baadhi ya waumini walimnung'unikia, wakaona amekaa karibu mno na wakubwa. Lakini familia zilizopotelewa na watu wao zilijua upande wa pili wa jambo hilo. Mke aliyechukuliwa mume wake alikwenda Namirembe. Mzazi aliyechukuliwa mwanawe alikwenda Namirembe. Na Askofu Mkuu aliinuka, akaenda yeye mwenyewe mpaka katika ofisi za State Research Bureau, kikosi cha usalama ambacho watu waliogopa hata kukitaja jina, kuwaulizia mahabusu na kuwaombea waachiwe. Mara nyingine alifanikiwa. Kama asingekuwa na salamu na wakubwa, mlango huo asingeufikia.

Hapo kuna jambo la kujifunza. Kuna mtu anayekaa karibu na mwenye nguvu ili apate chake. Kuna mwingine anayekaa karibu ili aseme kwa niaba ya asiye na sauti. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Hutofautiana siku ya gharama.

Jambo jingine tunalotaka watoto wetu wote walijue, Wakristo na Waislamu, ni hili. Mwaka 1976 Luwum alikutana na viongozi wa dini nyingine za nchi, Wakatoliki na Waislamu, wakazungumza juu ya mauaji, wizi na woga ulioenea. Serikali ilichukia sana mkutano ule. Kwa nini? Kwa sababu utawala wa hofu hutegemea watu watenganishwe: Mwislamu amwogope Mkristo, Mwacholi amwogope Mkakwa. Masheikh na maaskofu walipokaa meza moja, kamba iliyokuwa ikitumika kuwafunga ilianza kulegea.

SIKU KUMI NA MBILI ZA FEBRUARI

Mwishoni mwa Januari 1977 kulitokea jaribio la uasi jeshini. Lilizimwa haraka, na msako mkali dhidi ya Waacholi na Walango ukaanza upya. Tarehe 30 Januari, huko Bushenyi, kwenye ibada ya kumweka wakfu askofu mpya, Askofu Festo Kivengere alihubiri juu ya thamani ya uhai wa binadamu mbele ya maofisa wa serikali waliokuwa wameketi mbele. Maneno yale hayakusahauliwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, saa saba na nusu hivi, askari wenye silaha walivamia nyumba ya Askofu Mkuu pale Namirembe. Walimwelekezea bunduki, wakamtaka aonyeshe silaha alizoficha. Walipekua vyumba vyote, wakaangalia hadi chini ya vitanda vya watoto. Hawakupata kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu.

Maaskofu wa Kanisa la Uganda walikutana, wakaandika barua kwa rais na kuitia sahihi zao. Haikuwa barua ya matusi. Walieleza yaliyotokea katika nyumba ya Askofu Mkuu, wakasema kwamba kama kiongozi wa kanisa anaweza kuelekezewa bunduki kitandani mwake, basi mwananchi wa kawaida hana ulinzi wowote. Walilalamikia mauaji ya wasio na hatia na nguvu kubwa waliyopewa vikosi vya usalama. Kila aliyetia sahihi alijua anaweza kuwa anaweka sahihi ya kifo chake.

Marafiki walimshauri Luwum akimbie. Mpaka wa Kenya haukuwa mbali, na wengi walikuwa wameshavuka. Hakukimbia. Alijiona kama mchungaji, na kundi lake lilikuwa Uganda.

Asubuhi ya tarehe 16 Februari 1977 maaskofu na viongozi wengine wa dini waliitwa kwenye hoteli ya Nile Mansions, Kampala. Uwanjani palikuwa na maelfu ya askari, pamoja na mawaziri na mabalozi. Silaha zilikuwa zimepangwa chini ili zionekane. Maaskofu walisimamishwa juani saa nyingi. Zikasomwa karatasi zilizodai kwamba Askofu Mkuu alishirikiana na Obote kuingiza silaha na kupindua serikali. Askari walipoulizwa wafanyiwe nini wasaliti, walipiga kelele wauawe. Luwum alitikisa kichwa kukana, akasimama kimya.

Mchana viongozi wa dini waliambiwa waende nyumbani, isipokuwa yeye: alitakiwa abaki, eti rais ana mazungumzo naye. Wenzake wanasimulia kwamba aliwageukia bila hofu, akawapa kuelewa kwamba anauona mkono wa Mungu katika hayo yote. Akaingia ndani. Baadhi ya maaskofu walimsubiri nje, hadi jioni walipoamriwa waondoke.

Siku hiyo walikamatwa pia mawaziri wawili wa serikali ileile, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Asubuhi ya tarehe 17 serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Jeneza la Askofu Mkuu lilipelekwa chini ya ulinzi wa askari hadi Mucwini. Watu wa kijijini kwake walilifungua, wakauona mwili wake una matundu ya risasi. Wakamzika pale pale, karibu na kanisa la kijiji alikozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 54 au 55.

KABURI TUPU LA NAMIREMBE

Huko Kampala Wakristo walikuwa wamechimba kaburi lake Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali iliwanyima mwili na ikakataza ibada ya mazishi. Lakini ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Februari, na hakuna amri inayoweza kuwakataza watu wasiende kanisani Jumapili. Walikuja kwa maelfu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti alikuwa pamoja nao. Walisimama kulizunguka kaburi lile tupu, wakaimba nyimbo za ufufuo, maana kaburi tupu si jambo geni kwa Mkristo. Jijini Nairobi, katika kanisa kuu la Watakatifu Wote, maelfu wengine walifanya ibada ya kumkumbuka.

Mary na watoto walikimbilia Kenya. Askofu Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Wakati huohuo Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 100, kwa kuwa wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwezi Juni 1877. Wengine walishauri sherehe zifutwe. Hazikufutwa. Makanisa yalijaa kuliko zamani.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, Tanzania. Tanzania ikajibu, na pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni ikaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ndugu zetu Watanzania mnaosoma ukurasa huu, hatujasahau vijana wenu waliolala katika ardhi yetu. Amin alikimbilia Libya, kisha akaja Saudi Arabia. Alikaa Jeddah zaidi ya miaka 20, akafariki hospitalini tarehe 16 Agosti 2003 bila kusimama mbele ya mahakama yoyote.

TUWAAMBIE NINI WATOTO WETU

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi wenzetu mtusikilize, maana habari hii ikisimuliwa vibaya inaweza kupanda mbegu mbaya katika jumuiya yetu.

Amin alikuwa Mwislamu, na Luwum alikuwa Mkristo. Wapo wanaoishia hapo na kuona wameeleza kila kitu. Hawajaeleza. Waislamu nao waliuawa katika utawala ule, na masheikh nao walikaa mezani na Luwum. Na utawala ulipoanguka, Waislamu wasio na hatia walilipizwa kisasi. Huko Ankole Magharibi mwaka 1979 waliuawa na majirani zao, na watu wa West Nile walifukuzwa hadi Sudan na Zaire kwa kosa la kutoka mkoa mmoja na rais aliyepinduliwa. Ndani ya jumuiya yetu kuna familia zilizopoteza watu mwaka 1977, na kuna familia zilizopoteza watu mwaka 1979 na 1980. Tunakaa nao mkeka mmoja siku ya Uhuru. Watoto wao wanacheza pamoja. Mwenye kumsimulia mwanawe kifo cha Luwum ili amchukie mtoto wa jirani, huyo hajamwelewa Luwum hata kidogo.

Askofu Kivengere, aliyepoteza rafiki na nchi kwa pamoja, aliandika kitabu akiwa uhamishoni, na katika kichwa cha kitabu hicho alitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walikasirika. Yeye alieleza kwamba chuki ingemla yeye kabla haijamfikia Amin. Hatusemi ni jambo rahisi. Tunasema lilitamkwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuchukia.

Tena mateso kwa ajili ya imani si historia ya dini moja katika nchi yetu. Namugongo tunawakumbuka mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga, wengi wao tarehe 3 Juni 1886. Lakini miaka kumi kabla yao, katika enzi ya Kabaka Mutesa, vijana Waislamu waliokuwa watumishi wa ikulu walichomwa moto Namugongo hapohapo kwa sababu walikataa kula nyama ambayo haikuchinjwa kwa taratibu za dini yao. Nao walimtii Mungu kuliko mfalme. Na kwa watoto wanaosoma historia ya Uislamu shuleni hapa: mnajua kwamba Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, karibu mwaka 615, walivuka bahari hii ya Sham wakakimbilia Uhabeshi, na aliyewapokea na kukataa kuwarudisha kwa maadui zao alikuwa Najashi, mfalme Mkristo wa Afrika. Ufuko ambao walipandia mashua haupo mbali na Jeddah.

Kwa nini basi tunamkumbuka Luwum katika siku ya Uhuru na si katika ibada peke yake? Kwa sababu bendera ilipopanda mwaka 1962 tulidhani kazi imekwisha. Miaka tisa baadaye tulijifunza kwamba nchi inaweza kuwa na bendera yake na wimbo wake, na bado raia asiweze kulala usiku bila kusikiliza mlio wa gari mlangoni. Mtu kama Luwum alitukumbusha kwamba uhuru unaanzia pale mtu mmoja anaposema ukweli kwa upole mbele ya mwenye bunduki, akakubali kulipa gharama.

Leo Uganda humkumbuka kila tarehe 16 Februari, na tangu mwaka 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Mahujaji huenda Mucwini, wengine kwa miguu. Katikati ya Kampala upo mtaa wa Luwum. London, juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, sanamu yake imesimama tangu mwaka 1998 pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ya 20 kutoka pande zote za dunia. Mchunga mbuzi wa Mucwini.

Kwa dada zetu wanaofanya kazi majumbani, kwa kaka zetu walinzi na madereva, kwa wote ambao mwaka huu umekuwa mzito, wenye mishahara iliyochelewa, wenye iqama zilizokwisha, wenye wazazi waliozikwa nyumbani bila wao kuwapo: hatulinganishi shida zetu na risasi za mwaka 1977. Lakini Mungu aliyemtegemea Luwum katika saa ile ndiye huyuhuyu tunayemwomba hapa, kila mmoja nyumbani mwake na kwa imani yake. Yeye hakuondolewa shidani. Alipewa nguvu ya kusimama, na hakusimama kwa ajili yake peke yake. Nasi tusimame kwa ajili ya wenzetu. Ukisikia kuna mwenzetu amefungiwa, amenyimwa haki yake au amelazwa hospitali bila mtu wa kumtembelea, usisubiri kamati. Nenda ubishe mlango, kama yeye alivyobisha.

Na ninyi watoto, mkienda likizo Uganda, waombeni wazazi wawapeleke Namirembe. Mtauona mji wote kutoka pale juu. Mkipata nafasi ya kufika kaskazini, fikeni Mucwini. Mkirudi, mtuandikie mlichoona, tutakichapisha mwakani katika kurasa hizi.

Mungu aibariki Uganda na Afrika Mashariki yote. Heri ya Sikukuu ya Uhuru.